Maradhi Yasiyosomeka Kwenye Mizani: Matatizo ya Ulaji Kama Magonjwa ya Akili Kanda ya Ziwa



Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayojionyesha katika namna mtu anavyokula, anavyojinyima, anavyojitapisha au anavyotamani kutafuna kitu kisicho chakula. Mwili ndio unaoumia, lakini kinachouendesha ni mawazo. Mgonjwa aweza kuwa binti wa bweni, mama mjamzito, kijana anayenyanyua vyuma au mzee mwenye kitambi, na wote hao wanaweza kupita barabara ya Kenyatta hapa Mwanza mchana kweupe bila mtu kugeuza shingo.

Lengo la mhadhara ni kueleza magonjwa haya ni yapi, kwa nini yamewekwa kwenye kundi la magonjwa ya akili, na ni hali gani nyingine huandamana nayo. Ndani ya lengo hilo limo dai ambalo wasikilizaji wako huru kulipinga wakati wa maswali: Kanda ya Ziwa haiyaoni magonjwa haya kwa sababu huyatafuta kwenye ukubwa wa mwili, na ile hali ya ulaji iliyo wazi kuliko zote, yaani kula udongo, huchukuliwa kama mzaha wa wajawazito.

1. Magonjwa yenyewe

Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inayataja matatizo sita ya ulaji kwa majina, yote ndani ya sura ya magonjwa ya akili.

La kwanza ni anoreksia nevosa. Mtu hujinyima chakula hadi uzito wake unashuka chini ya kiwango kinachostahili kimo na umri wake, na kadiri anavyokonda ndivyo hofu ya kunenepa inavyomzidia. Wengine hawasemi kabisa habari za unene. Hukana tu kwamba kuna tatizo. La pili ni bulimia nevosa, ambayo ina hatua mbili. Mtu hufakamia, yaani hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, kisha hutafuta namna ya kufuta alichokula: hujitapisha, humeza dawa za kuharisha, hufunga siku nzima au hufanya mazoezi kupita kiasi. Uzito wake mara nyingi ni wa kawaida kabisa. La tatu ni ugonjwa wa kufakamia, ambao una hatua ile ya kwanza bila ya pili. Huyu hula peke yake, haraka, hata asipokuwa na njaa, na hubaki na aibu.

La nne huwapata zaidi watoto: kukwepa chakula bila hofu yoyote ya unene, kwa sababu ya harufu, ulaini au ukavu wake, au baada ya kukabwa na mwiba wa samaki na kuogopa kumeza tena. La tano ni kula visivyo chakula, kama udongo, mkaa, chaki au wanga mbichi. La sita ni kucheua: chakula kilichokwisha kumezwa hurudishwa mdomoni kwa makusudi, kikatafunwa upya au kutemwa.

Kwa ajili ya wazazi waliopo, jambo moja liwekwe wazi mapema. Mtoto anayebagua mboga si mgonjwa, na anayefunga Ramadhani au Kwaresima pamoja na jamaa zake si mgonjwa. Ugonjwa huhesabika pale ulaji unapoharibu afya, masomo, kazi au uhusiano na watu, na mtu akawa hawezi kuuacha hata anapotaka.

2. Kwa nini ni magonjwa ya akili

Wapo wanaodhani haya ni maradhi yaliyoletwa na televisheni. Maandishi ya kitabibu yanasema vingine. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya kudhoofika, hasa kifua kikuu, na humo akamweleza msichana wa umri wa miaka 18 hivi aliyekonda hadi kubaki mifupa. Morton alitafuta homa, hakuiona. Alitafuta kikohozi, hakukisikia. Akahitimisha kwamba udhoofu huo ulitokana na huzuni na mahangaiko ya moyo. Wauguzi wa vitengo vya kifua kikuu waliomo ukumbini watatambua upesi jinsi kisa hicho kinavyofanana na majalada wanayoyafungua kila wiki.

Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, waliueleza ugonjwa huo kama ugonjwa unaojitegemea. Bulimia nevosa ilingoja hadi 1979, Gerald Russell alipoandika habari za wagonjwa 30 waliokuwa wakifakamia na kujitapisha. Kufakamia pekee kulielezwa na Albert Stunkard wa Marekani mwaka 1959, lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo haukukupa nafasi yake kamili hadi 2013.

Swali linalobaki ni kwa nini mtu mwenye akili timamu asile tu. Jibu zuri lilipatikana kwa watu waliokuwa wazima. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Lakini njaa ilipowakolea walianza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wanakata vipande vidogo na kuvila kwa saa nzima, wakajitenga, wakawa na hasira na majonzi. Walipofunguliwa chakula, baadhi walifakamia hadi kuugua na bado wakajiona wana njaa. Maana yake ni kwamba njaa yenyewe huivuruga akili. Msichana aliyeanza kujinyima kwa sababu ndogo tu, kama maneno ya rafiki, hufika mahali ambapo ubongo wenye njaa haumwachii tena uamuzi, na kumwambia ajikaze ale ni kumdai kitu ambacho ugonjwa umekwisha kukichukua.

Urithi nao una sehemu yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu karibu watu 17,000 waliowahi kuugua anoreksia, ulibaini sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo, na uhusiano ukaelekea pande mbili: kwenye magonjwa mengine ya akili, na kwenye namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Haya ni mambo ya damu na ubongo, na lawama kwa mama aliyemlea binti hazina msingi.

Wala si maradhi mepesi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wenye anoreksia hufa kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya wenzao wa rika lao, na kati ya kila vifo vitano vyao kimoja ni cha kujiua.

3. Namna mwili unavyosomwa huku

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili. Kabla ya jina la kitabibu kuenea, watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita Slim, na mwaka 1985 jina hilo liliingia kwenye jarida la madaktari la Lancet kupitia utafiti wa wilaya ya Rakai. Kizazi kizima cha pande hizi kilijifunza kusoma mwili kwa namna moja: anayekonda ana jambo.

Somo hilo halijafutika ingawa dawa za kufubaza VVU zimebadili sura ya ugonjwa. Binti akikonda, hupelekwa kupimwa VVU, kifua kikuu, kisukari na minyoo. Ni vipimo vya lazima, na vinapaswa kutangulia. Shida huja majibu yakirudi safi. Hapo safari ya hospitali huishia, na nyingine huanza ya kwenda kwa mganga au kwenye maombi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza binti mwenyewe anaionaje sahani ikiwekwa mbele yake.

Upande wa pili wa somo ni unene. Salamu ya mjini humu humsifu mtu kwa kunawiri, na kitambi cha mfanyabiashara husomwa kama hesabu yake ya benki. Kwa hiyo anayefakamia usiku na kuongezeka kilo husifiwa, na mwenye bulimia ambaye uzito wake haujatikisika hana hata mtu wa kumwambia pole. Utafiti wa Adrian Furnham na Peter Baguma uliochapishwa mwaka 1994 uliwaonyesha wanafunzi wa Uganda na wa Uingereza michoro ya miili ya ukubwa mbalimbali, na Waganda wakaipa miili minene ya kike alama za juu kuliko Waingereza. Mtu angetarajia kwamba jamii inayopenda unene imekingwa. Kinga hiyo ipo kwa kiasi, ila pia ni pazia.

Kuna pazia jingine ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi, nalo ni sinia. Katika nyumba inayokula pamoja, ugali katikati na bakuli la dagaa au sato wa nazi pembeni, hakuna anayejua nani amekula kiasi gani. Tazama mikono ya walaji. Binti anayejinyima hukata tonge kama wengine, hulifinyanga kwa muda mrefu, hulichovya kwenye mchuzi, hulipeleka karibu na mdomo, huongea neno, huligawa nusu akampa mdogo wake. Sinia likiisha, amekula matonge mawili, na kila mtu atakuapia kwamba alikula. Bwenini mambo ni tofauti kidogo: huko chakula hupimwa kwa sahani, lakini sahani hugawanywa kwa marafiki, na asiyekula hupendwa.

4. Udongo

Hapa ndipo Kanda ya Ziwa ina la kufundisha wengine, na mhadhara utakaa kwa muda.

Anayepita kwenye masoko ya Mwanza huuona udongo ukiuzwa. Ni vijiti vyenye urefu wa kidole, vya kijivu au vyekundu kama kutu, vilivyokaushwa vikawa vigumu kiasi cha kuvunjika kwa mlio, vimepangwa kwa mafungu pembeni ya tangawizi na viungo. Wateja wengi huviita pemba. Wengine hawanunui, huchimba kwenye kichuguu au hubandua ukuta wa nyumba ya udongo. Wanawake wanaovitumia husifu kwanza harufu, ile ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, kabla ya kusifu ladha.

Utafiti ulio karibu zaidi ulifanyika Geita na kuchapishwa mwaka 2014, ukiongozwa na Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya hapa Bugando. Wajawazito 340 wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu waliulizwa. Kati yao 155, sawa na asilimia 45.6, walisema wanakula udongo. Watafiti walipima kemikali zilizomo kwenye udongo wenyewe na wakaonya juu ya hatari ya madini yenye sumu kwa mama na mimba. Onyo hilo lina uzito wa pekee huko, kwa kuwa zebaki hutumika kunasia dhahabu, na mawe yenye dhahabu mara nyingi hubeba arseniki.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye mwambao wa Kenya wa ziwa hilihili, Wenzel Geissler na wenzake walichapisha mwaka 1997 habari za watoto wa shule 285. Asilimia 73 walikula udongo, kwa wastani gramu 28 kwa siku. Huko Kisiwani Pemba utafiti wa Sera Young uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusu wajawazito 2,368. Asilimia 5.2 tu walitaja udongo, lakini zaidi ya theluthi walikuwa wakitafuna wanga mbichi, hasa mchele, na waliokula vitu hivyo walielekea zaidi kuwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma.

Je, huo ni ugonjwa wa akili? Mwongozo wa kimataifa una busara katika hili. Desturi inayokubalika katika jamii haihesabiwi ugonjwa kwa sababu tu mtu wa mbali anaishangaa, na tamaa za mimba zina nafasi yake. Uchunguzi hutakiwa pale ulaji unapokuwa wa kudumu na wenye madhara, kiasi cha kuhitaji tiba. Kati ya desturi na ugonjwa hakuna ukuta. Mama anayelamba kipande kimoja jioni na mama anayeamka saa nane usiku kutafuta kichuguu kwa tochi wote hujibu ndiyo wakiulizwa kama wanakula udongo. Daktari ndiye anayepaswa kuuliza swali la pili.

Sababu zake bado zinabishaniwa. Wapo wanaosema mwili unatafuta madini. Hoja hiyo hupendwa, lakini ina udhaifu mkubwa, kwani udongo mwingi wa mfinyanzi hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia kuingia kwenye damu, yakiwamo yale ya vidonge alivyopewa mama kliniki. Wengine, na Young ni mmoja wao, hutoa hoja ya kinga: udongo hufunika utumbo na kunasa sumu na vijidudu wakati ambapo mimba imeshusha nguvu za mwili. Hoja ya tatu huanzia kwenye damu. Upungufu wa chuma hubadilisha kitu katika ubongo, na tamaa huzaliwa. Baadhi ya wagonjwa wakipewa chuma, tamaa huwaacha kabla damu haijapanda. Kwa hali ya huku ambako malaria, minyoo ya safura na kichocho vyote hunyonya au kuharibu damu, hoja ya tatu inastahili kupewa nafasi ya kwanza. Tena Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wa selimundu, na kula visivyo chakula ni jambo linalojulikana kwa watoto wenye ugonjwa huo. Mtoto wa selimundu anayetafuna godoro hahitaji kiboko.

Umuhimu wa udongo katika mada hii ni kwamba unavunja ule ukuta wa mawazo kati ya maradhi ya mwili na ya akili. Mtu mmoja anakuwa na tamaa isiyozuilika, aibu, maficho, upungufu wa damu na minyoo, vyote kwa pamoja, na kila kimoja kinamlisha mwenzake. Anoreksia na bulimia zina umbo hilohilo.

5. Hali zinazoandamana nayo

Ni nadra tatizo la ulaji kuja peke yake. Sonona ndiyo mwandani wake mkuu. Hufuatwa na wasiwasi uliopitiliza, mawazo na matendo ya kujirudiarudia, matumizi ya pombe, na kujidhuru. Wakati mwingine sonona ilitangulia, wakati mwingine imeletwa na njaa, kama vijana wa Minnesota walivyoonyesha. Kwa sababu hiyo madaktari husita kuthibitisha sonona kwa mtu aliyedhoofika sana mpaka aanze kula.

Mwilini orodha ni ndefu. Kujitapisha hushusha potasiamu, na moyo hupoteza mpigo wake. Kifo cha ghafla hutokea kwa njia hiyo. Asidi ya tumbo hula meno upande wa ndani, hivyo daktari wa meno aweza kuwa wa kwanza kuugundua ugonjwa. Mashavu huvimba chini ya masikio. Kwenye vifundo vya vidole hutokea sugu za meno, dalili iliyopewa jina la Russell yuleyule wa 1979. Anayejinyima hukosa hedhi, mifupa yake hupungua uzito, na mwili huota malaika laini.

Hali mbili zitajwe kwa sababu hupita kimyakimya. Ya kwanza ni vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaoruka sindano za insulini ili wakonde. Kliniki huwaona wamerudi tena na sukari ya juu, na huwakaripia kwa uzembe. Ya pili ni kinyume chake: vidonge vya kuongeza mwili. Katika miji mingi ya Afrika, Kinshasa ikiwa imechunguzwa zaidi, watu hununua siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ili wanenepe mashavu na makalio. Deksamethasoni hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huzima tezi zinazotengeneza homoni ya mwili ya kukabili shida. Hofu ya kunenepa na hofu ya kukonda ni ndugu. Zote mbili humfanya mtu auone mwili wake kama kesi isiyokwisha. Vijana wa kiume wanaojiona wembamba hata baada ya kujaza misuli wamo humohumo.

6. Dai la kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu

Dai hili hujibiwa kwa tafiti tatu, na litapitwa haraka kwa kuwa limekwisha kujibiwa na wengi.

Huko Fiji, Anne Becker alipima wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imetoka kuingia wilayani kwao, akarudi 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Kaskazini-mashariki mwa Ghana, utafiti wa 2004 uliohusu wanafunzi wa kike 668 uliwabaini 10 waliokuwa wakijinyima chakula hadi kudhoofika, lakini hawakutaja unene. Walitaja dini na kujitawala. Tanzania nayo ilichunguzwa: wasichana na wanawake 214 wa miaka 13 hadi 30, matokeo yakichapishwa 2007, yakaonyesha kwamba matatizo ya ulaji yapo japo machache, na yanaelekea kuwapata zaidi walio karibu na vyombo vya habari vya nje.

Utafiti wa Ghana ndio wenye somo kubwa kwa Mwanza. Dodoso lililotungwa nchi za Magharibi, linaloanza kwa kuuliza kama mtu anaogopa kuwa mnene, lingewapita wale wasichana kumi wote. Viongozi wa dini waliopo wanaweza kusaidia kuliko wanavyodhani, kwa kuwa ndio wanaojua ni nani anafunga peke yake, muda mrefu, nje ya msimu, na kuficha.

7. Tiba, na kazi iliyo mbele

Tiba ya kwanza ni chakula, na hutolewa kwa hadhari. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akijazwa chakula kingi ghafla, fosfeti katika damu huporomoka na moyo waweza kusimama. Wauguzi wa wodi za utapiamlo wanalijua hili kwa vitendo: mtoto huanzishiwa maziwa ya F-75, kidogokidogo, kabla ya kupandishwa F-100. Kanuni hiyo inamfaa pia mtu mzima mwenye anoreksia, ingawa vipimo vyake ni tofauti. Ujuzi mgumu zaidi wa tiba hii, basi, tayari uko wodini.

Baada ya chakula huja mazungumzo. Kwa vijana, njia yenye ushahidi mwingi ni tiba ya familia iliyokuzwa katika hospitali ya Maudsley, London, na majaribio yake kuanza kuchapishwa mwaka 1987. Wazazi hawalaumiwi, hukabidhiwa kazi ya kusimamia milo mpaka mtoto apate nguvu ya kurudishiwa kazi hiyo. Ni tiba inayotaka watu wengi nyumbani na muda mrefu mezani. Familia ya huku yenye bibi, shangazi na kaka wakubwa ina watu hao zaidi ya familia ya London, mradi kwa kipindi cha tiba sahani ya mgonjwa itengwe na sinia. Kwa bulimia na kufakamia, tiba ya mazungumzo inayochunguza mawazo na tabia husaidia wengi, na fluoksetini hupunguza vipindi vya kufakamia na kutapika. Anoreksia haijapata dawa yake.

Nani atatoa tiba hiyo? Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927, Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa 2008, na Bugando ina idara ya magonjwa ya akili inayopokea rufaa za kanda nzima. Lakini mgonjwa hukutana kwanza na tabibu wa zahanati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kwa watumishi wasio mabingwa una sura za sonona, saikosisi, kifafa, matatizo ya watoto, usahaulifu wa uzeeni, ulevi na kujiua; matatizo ya ulaji hayana sura. Tabibu asiyefundishwa jambo halaumiwi kwa kutoliona.

Kazi tatu zinaweza kuanza bila kungoja mwongozo mwingine. Kwanza, vyuo vya afya vya hapa vitunge dodoso la Kiswahili linaloanzia kwenye sinia, kufunga na udongo, na kulijaribu kwenye mabweni ya sekondari. Pili, kuna swali la wavuvi wa dagaa. Kazi yao ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na mapato husimama, kisha giza hurudi na fedha pamoja nalo. Huko San Antonio, Marekani, utafiti wa mwaka 2017 kwa watu wanaopokea chakula cha msaada ulionyesha kwamba kadiri uhaba unavyozidi ndivyo kufakamia kunavyozidi. Kama mzunguko huo wa shibe na njaa unafanya jambo lilelile kwenye visiwa vya ziwa hili ni utafiti unaosubiri mwanafunzi mwenye uvumilivu wa kulala kambini.

Tatu, kliniki za wajawazito za Nyamagana na Ilemela ziongeze swali la udongo pale mama anapopimwa damu, na la pili likifuata: je, umewahi kujaribu kuacha ukashindwa? Maswali hayo mawili hayahitaji kifaa. Mwaka mmoja wa majibu utaonyesha ni akina mama wangapi wanahitaji vidonge vya damu, wangapi dawa ya minyoo, na wangapi wanahitaji pia mtu wa kuzungumza naye.

Mwenyekiti ameruhusu nusu saa ya maswali, na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wanaombwa waanze.